Tumechoka na Vyeti vya Sabuni, Tunataka Permi

Wandugu, leo tunaongea juu ya permi ya pikipiki. Wakenya na Watanzania wanaiita leseni, ni kitu kile kile. Tunaongea wazi, na tunajua kuna watu hawatapenda.

Hapa Nakivale, kijana akisema anatafuta kazi, mara nyingi maana yake anatafuta pikipiki. Kambi ni pana: kuna Base Camp, kuna Juru, kuna Rubondo, na vijiji vingi katikati. Mama akishikwa na uchungu usiku, anabebwa na boda. Mahindi yakitoka shambani, yanabebwa na boda. Hata hawa wanaokuja kutufundisha namna ya kujitegemea, gari lao likikwama kwenye matope, wanamalizia safari kwa boda. Halafu huyo kijana anayebeba kambi nzima nyuma yake, ukimwuliza permi, anaangalia chini.

Sisi tunasema hivi: permi ni chombo cha kwanza cha kazi, kinatangulia pikipiki yenyewe. Kila anayesema anataka tujitegemee, aanzie hapo. Na sisi vijana pia tuanzie hapo, tusimsubiri mtu.

Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipangwa upya katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilibakiziwa asilimia 60 ya mgao kamili, la pili asilimia 30, la tatu likatolewa kabisa. Eti hao wa tatu wanaweza kujitegemea. Sawa, tumesikia. Lakini kujitegemea nako kuna makaratasi yake, na makaratasi yana bei yake. Huwezi kumtoa mtu kwenye foleni ya chakula kwa sababu ana mikono miwili, halafu usijali kama hiyo mikono inaruhusiwa kushika usukani.

Tuhesabu tulivyofundishwa: kutengeneza sabuni ya maji, kusuka nywele, kushona, kuoka mandazi, na semina ya kuandika mpango wa biashara. Kila moja ilikuwa na cheti na picha ya pamoja mwishoni. Hatudharau kazi hizo, kuna dada zetu wanaishi kwa cherehani. Ila vijana 40 wakifundishwa sabuni katika kijiji kimoja, nani atainunua? Na trafiki hajawahi kusimamisha mtu barabarani akamwomba cheti cha sabuni. Shirika moja lilituletea helmeti na jaketi za kung'aa, zenye nembo mgongoni. Asante sana. Lakini mtu aliyevaa jaketi la kung'aa bila permi, trafiki anamwona kutoka mbali zaidi, basi.

Sasa tuseme kuhusu sheria, maana wengine wanadhani tunaomba zawadi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya kumpatia riziki, na inampa uhuru wa kutembea ndani ya nchi. Watu wanatoka mbali kuisifu sheria hii, na kweli inastahili sifa. Mkataba wa Geneva wa 1951 nao, kifungu cha 18, unamtambua mkimbizi anayejiajiri mwenyewe. Kifungu cha 29 kinasema mkimbizi asitozwe ada wala kodi kubwa kuliko ile anayotozwa mwenyeji. Kifungu cha 25 kinaongea juu ya makaratasi ambayo mtu angeyapata kwa serikali yake. Kinasema nchi iliyompokea isaidie ayapate, ada iwe ya kadiri, na nafasi ipo ya kuwafikiria wasio na kitu. Someni wenyewe. Miaka ya nyuma waliliona hili, kwamba mtu aliyekimbia hawezi kurudi kwa ofisi za nyumbani kuomba karatasi. Kati yetu wamo waliokuwa motari Goma, Bukavu, Uvira, wenye miaka 10 barabarani. Permi zao ziliungua pamoja na nyumba. Leo wanahesabiwa kama watoto wanaojifunza leo.

Kwa hiyo haki ipo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni daraja la kutoka kwenye haki hadi barabarani, na hilo daraja ni pesa, safari na maelekezo.

Na hapa tunawageukia vijana wenzetu. Kuna maneno yanazunguka kwenye steji: "Permi ya nini? Mpe afande kitu kidogo, upite." Haya, tuhesabu pamoja. Tuseme unatoa shilingi 5,000 kila unaposimamishwa, na unasimamishwa mara 2 kwa wiki. Hiyo ni 10,000 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, jumla 520,000. Hiyo pesa inapita bei ya permi yenyewe, na mwisho wa mwaka huna permi. Mwaka unaofuata unaanza upya. Wazee walisema rahisi ni ghali, na hapa ndipo maana yake inapoonekana.

Halafu hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya pikipiki inapelekwa polisi, na pikipiki siyo yako. Ni ya bosi, au ya mkopo. Kila siku inayolala pale wewe hufanyi kazi, ila bosi anataka hesabu yake ya wiki. Na siku mbaya kabisa ni ile ya ajali. Hata kama mwenye gari ndiye aliyekugonga, swali la kwanza litakuwa: nani alikuwa anaendesha, na alikuwa na ruhusa gani? Bila permi, wewe uliyelala hospitali na mguu uliovunjika unageuka mkosaji. Bima ikitafuta mlango wa kutokea, umeshaufungua. Abiria wako naye, mama wa watu, anabaki bila mtu wa kumsemea.

Mwenyeji naye anaweza kuwa hana permi, tunajua, ni wengi. Lakini yeye akikamatwa ana kitambulisho cha taifa, ana lugha, ana mjomba wa kupigia simu. Sisi tuna kipande cha mkimbizi na Kiswahili chetu cha Kongo. Kosa ni moja, ila uzito wake kwetu ni mara mbili.

Basi mtu mwenye pesa kidogo afanye nini? Sisi tumeona njia hizi, na yeyote anaweza kuzifuata.

Kwanza, likelemba. Mama zetu wamejengea nyumba kwa likelemba, na sisi tunaijua tangu utotoni. Watu 10, kila mmoja 10,000 kwa wiki, zinatoka 100,000 kila wiki kwa mtu mmoja. Wiki 10, kila mtu ameguswa. Mkimaliza mzunguko wa kwanza mnaanza wa pili, mpaka gharama yote itimie. Sharti moja tu: pesa ya permi isile harusi wala simu mpya. Aliyepokea alete risiti mbele ya wote.

Pili, jifunze mizani kabla ya kulipa shule. Asubuhi uwanja wa mpira uko wazi, na uko mbali na barabara. Omba mkubwa wa steji akufundishe klachi, breki na kona. Ukifika shule ya udereva, siku zako ziende kwenye alama za barabarani na sheria, yale ambayo steji haifundishi vizuri. Na ukiuliza bei, uliza ya pikipiki peke yake, daraja A. Usikubali kuuziwa masomo ya gari ambalo huna.

Tatu, angalia jina lako. Hili linawaumiza Wakongo wengi. Kipande kinaandika jina hivi, atestasyo ya familia inaandika vile, la mwisho limekuwa la kwanza, herufi moja imeruka. Rekebisha kwanza, lipa baadaye. Ukilipa kwa jina lenye makosa, utarudi Mbarara mara tatu, na nauli ya mara tatu inaweza kula mzunguko wako mmoja wa likelemba. Angalia pia kipande chako kinaisha lini, usiende na kinachokaribia kufa.

Nne, mkimbie komisioneri. Yule anayekaa nje ya ofisi na bahasha, anayesema "nipe zote, wewe nenda nyumbani, permi itakufuata." Malipo ya serikali yana namba yake ya malipo, unalipa mwenyewe benki au kwa simu, na risiti inatoka na jina lako. Pesa iliyopita mkononi mwa mtu haina mama wala baba. Na permi ya kununua bila mtihani ni hatari mara mbili: ikichunguzwa unafungwa, isipochunguzwa unaua mtu.

Bei kamili hatuziandiki hapa makusudi. Bei hubadilika, na komisioneri anapenda sana ujumbe wa zamani unaozunguka kwenye simu ili akuongezee juu. Uliza bei ofisini, siku ile ile unayotaka kulipa.

Tano, nendeni pamoja. Watu 6 wakienda siku moja wanakubaliana nauli, wanasaidiana lugha, na si rahisi kuzungushwa. Permi inatolewa kwa mwaka 1, miaka 3 au miaka 5. Kama likelemba inaruhusu, chukua ya muda mrefu. Ukigawa kwa miaka, inakuwa nafuu, na safari zinapungua.

Tunajua majibu yanayokuja. Kuna watakaosema: "Vijana wakipewa permi wataumia barabarani." Kwani sasa hawaumii? Wanaumia kwa sababu walijifunza kwa kuangalia, hakuna aliyewahi kuwaeleza nani ana haki ya kupita kwenye mzunguko. Mtihani upo ili kupunguza makaburi. Kuna watakaosema: "Wakipata permi watatoka kambini." Ndiyo, watatoka, watarudi jioni na unga. Si ndiyo kujitegemea kwenyewe? Na kuna watakaosema bajeti ya leseni haipo kwenye mradi. Bajeti ya chai ya semina ipo. Bajeti ya fulana ipo. Bajeti ni uamuzi wa mtu, haikushuka na mvua.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu.

La kwanza: kila mradi unaogawa au kukopesha pikipiki kwa vijana, ulipie permi kabla ya pikipiki. Kumpa kijana pikipiki bila permi ni kumpa deni lenye magurudumu.

La pili: mkaguzi na mashine vije kambini. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda walihakikiwa upya, na mashine za alama za vidole na za macho zilifika mpaka kwenye makambi. Tulisimama kwenye jua, tukahesabiwa. Kama mashine inaweza kuja kutuhesabu, inaweza pia kuja kutupa ruhusa ya kufanya kazi. Wiki moja kila baada ya miezi mitatu inatosha. Na wenyeji wanaotuzunguka wafanye mtihani nasi, foleni moja. Misaada ya wakimbizi hapa imezoea kugawanywa 70 kwa 30 na wenyeji, basi na permi iwe hivyo. Mwenyeji mwenye permi na mkimbizi mwenye permi wataheshimiana kwenye steji.

La tatu: maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa pale tunapopita: makaratasi yapi, ofisi ipi, bei gani, lini. Karatasi moja ukutani inaua makomisioneri 10.

Dada zetu, hili ni lenu pia. Permi si ya wanaume peke yao. Mama wengi wangependa kubebwa usiku na mwanamke mwenzao. Likelemba isiyo na dada ndani yake haijakamilika.

Neno hili boda lenyewe lilitoka mpakani. Tangu miaka ya 1960, pale Busia, vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na jina likabaki. Kazi hii ilianza na watu wanaovuka mpaka. Sisi tumevuka mpaka pia, na hatukuvuka kwa kupenda. Hatuombi kubebwa maisha yote. Tunaomba turuhusiwe kubeba.

Mpaka majibu yafike, likelemba inaanza Jumapili baada ya ibada, kila mtu aje na 10,000 ya kwanza na kipande chake tukague jina. Asiye na 10,000 aje na kipande tu, tutaongea. Sambaza kwa motari unayemjua.