Simu ya Nyumba ya Mpakani

Askari polisi aliye kazini Pemba akiipiga simu ya nyumbani kwake mara tatu asipate jibu, hawazi kwamba betri imekwisha. Huwaza jambo jingine. Tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika, na jamaa waliokuwa mbali walibaki wakipiga namba zisizoita. Tangu hapo simu iliyo kimya katika pwani hiyo si jambo dogo.

Lakini upo ukimya mwingine usioletwa na adui wala na dhoruba. Huletwa na mwenye simu mwenyewe, kwa kidole chake, tena baada ya kushauriwa kwa nia njema.

Chukueni mfano wa nyumba iliyoko Quionga, karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msimbati, na mbele yake Mtwara. Quionga, au Kionga kama ilivyoitwa zamani, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi mwaka 1916, Wareno walipoitwaa. Mpaka ulihama, udugu haukuhama, na mawimbi ya redio hayajapata kuuona mpaka wowote. Basi simu yenye laini ya Msumbiji, mnara wa kwao unapofifia, huweza kuunasa mnara wa Tanzania na kuhesabu kwamba iko ugenini. Ikishaunasa, huenda isiuachie upesi hata mnara wa kwao unaporudi.

Hapo mambo mawili hutokea. La kwanza, intaneti ya ugenini hula salio kwa kasi, nayo simu imelala tu juu ya kabati. La pili ni la saa. Saa ya Msumbiji imetangulia ya Greenwich kwa saa mbili, na ya Tanzania kwa saa tatu. Simu inayopokea saa kutoka mnarani hujisogeza mbele bila kumwuliza mtu. Kengele iliyotegwa saa kumi na moja alfajiri hulia saa kumi, na mama akatoka na mtoto mgonjwa kuelekea zahanati wakati giza bado ni totoro. Kwa njia za huko, saa moja ya giza si upungufu wa usingizi tu.

Kijana wa duka la vocha ana dawa yake. "Mama mdogo, uzuie usichague mtandao wenyewe. Chagua wa kwetu, umemaliza." Kweli, salio linatulia na saa inatulia. Ila siku mnara wa kwao unapozimika, simu ile haitautazama mnara mwingine, hata kama wa ng'ambo unasikika barabara. Imekatazwa. Mume hupiga usiku kucha.

"Mama watoto, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, Baba watoto, na simu mkononi."

Tatizo la namna hii lina umri. Katika miaka ya 1990, nyumba na ofisi nyingi za Ulaya zilitumia laini ya ISDN, na kati ya laini na kompyuta kulikuwa na kijisanduku kiitwacho adapta. Laini ya nyumbani ilikuwa na njia mbili, kila moja ikichukua kilobiti 64 kwa sekunde. Mwenye haraka aliziunganisha zote mbili kwa ajili ya kompyuta, na anayempigia akakuta laini ina shughuli. Adapta nyingine zilikuwa na mpangilio wa kuiachia njia moja simu inapoingia, lakini ilimpasa mwenyewe auwashe.

Kwa nyumba yenye mtu aliye zamuni, basi, kuchagua mtandao kuachwe mikononi mwa simu. Kinachofaa kufungwa ni intaneti ya ugenini. Ifunguliwe sehemu ya mipangilio, ambayo kwenye simu za Kireno huandikwa Definições, kisha mitandao ya simu, na humo izimwe data ya ugenini. Simu ya sauti na ujumbe havikatazwi na hatua hiyo, ingawa mara nyingi anayepigiwa ugenini naye hutozwa. Heri salio dogo liwekwe akiba. Baadhi ya laini hazipokelewi ugenini mpaka kampuni iziruhusu, na swali hilo huulizwa mapema, si usiku wa mashaka.

Saa nayo izuiwe kujirekebisha, iwekwe kwa mkono, pamoja na majira ya Maputo. Namba zote zihifadhiwe kwa alama ya kujumlisha na namba ya nchi, +258 kwa Msumbiji na +255 kwa Tanzania, kwani namba inayoanza na sifuri haifiki kwao ikipigwa kutoka mnara wa nchi nyingine.

Kisha mume apige kutoka Pemba mchana mweupe, mara moja mnara wa kwao ukiwapo, na mara ya pili siku utakapokuwa umezimika.