SAA YA UKUTANI NA SAA YA SAFARI

Toka kiwanja cha ndege cha Changi, Singapore, mpaka kiwanja cha John F. Kennedy, New York, ni zaidi ya kilomita 15,300. Tangu mwaka 2020 kuna ndege inayokwenda moja kwa moja, bila kutua njiani kuongeza mafuta. Huchukua saa 18 hivi. Marubani ni wanne, hupokezana.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ni mwezi wa Julai. Ndege inaruka Singapore saa 6 usiku. Inatua New York saa 12 asubuhi. Utasema, ah, safari ya saa 6 tu! Sivyo. Dunia ni mviringo, nayo hujizungusha. Jua haliangazi pande zote kwa pamoja. Mwezi huo saa za Singapore hutangulia za New York kwa saa 12. Ndege ikitua, Singapore ni saa 12 jioni. Hesabu kwa vidole toka saa 6 usiku. Utapata saa 18.

Kosa hapa si dogo. Tuseme abiria ni mgonjwa, humeza dawa kila baada ya saa 12. Alimeza ndege ilipoanza kuruka. Akifuata saa ya ukutani ya New York, atangoja mpaka saa 6 mchana. Kumbe hapo zimepita saa 24! Basi asiguse saa yake ya mkononi. Itakapoonyesha saa 6 mchana, angali angani, ameze dawa. Na dawa za siku zinazofuata, amwulize daktari kabla hajasafiri.