Eti 'imethibitika'! Na nani?

KIJANA mwenzangu, wewe unayesoma gazeti hili kijiweni huku jamaa watatu wakichungulia begani kwako bila kuchangia hata shilingi, hebu fanya kazi moja. Chukua gazeti lolote, la Serikali au hili hili letu, uhesabu limeandika mara ngapi "imethibitika", "imebainika", "imedhihirika". Ukimaliza, uliza: nani kathibitisha? Nani kabainisha? Hayupo!

Wala si bahati mbaya. Ukiandika "imethibitishwa", msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Na Mahakama Kuu, na daktari, na Mkaguzi wa Hesabu. Mtu yupo, anaweza kufuatwa. Lakini nani umemsikia akisema "imethibitika na fulani"? Sarufi yenyewe inakataa. Jambo limethibitika lenyewe, kama embe lililoiva likaanguka bila kutikiswa. Ndiyo maana vigogo wanaipenda mno hiyo "-ika". Anamchafua mtu leo, kesho ukimfuata anakwambia yeye hakuthibitisha kitu, bali "ilithibitika".

Maneno haya ya ushahidi, ndugu yangu, hayalingani hata kama waandishi wetu wanayachanganya kama mchele na chuya. Kusema ni kusema tu. Kudai ni kutaka kitu ambacho hujapewa bado. Mwenye duka anayekudai elfu mbili anakuonyesha daftari, na asipokuwa na daftari mtabishana mpaka usiku. Kushuhudia ni kuwa ulikuwepo, ukaona kwa macho yako, si kusimuliwa na shemeji. Kubainisha ni kuweka wazi lililokuwa limejificha. Kuthibitisha ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kulifanya jambo lisimame imara, hata adui yako akilisukuma lisianguke.

Na kuunga mkono? Watu elfu kumi wakikupigia makofi pale Jangwani wamekuunga mkono. Hawajakuthibitishia chochote! (Kuhusu "kuhakikisha" nisikuchoshe. Tangu waheshimiwa waanze kusema "Serikali itahakikisha", neno hilo limegeuka ahadi.)

Utasema, mwandishi huyu kaishiwa, ametuletea somo la Kiswahili. Haya, tazama majirani zetu wa Kenya, uone kitenzi kimoja kinavyoweza kumpa mtu ushindi au kumnyima.

Mwaka 2017 Raila Odinga alikwenda Mahakama ya Juu kupinga ushindi wa Uhuru Kenyatta. Hakwenda na makofi. Watu wake walionyesha kwamba mshindi alitangazwa wakati fomu 34A, zile za vituoni, hazijafika zote kwa Tume. Mahakama ikaamuru Tume ifungue seva zake zikaguliwe, Tume ikasuasua, na kusuasua huko kukahesabiwa dhidi yake. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi wa Rais. Afrika nzima ikashika mdomo.

Mwaka 2022 mgombea huyo huyo akarudi mahakama hiyo hiyo, safari hii dhidi ya William Ruto. Madai yalikuwa makubwa zaidi: eti fomu zilibadilishwa njiani kabla ya kuwekwa hadharani. Zikakaguliwa. Zile za hadharani zikalingana na zile za karatasi. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba, bila hata mmoja kupinga, wakatupa kesi. Mwaka 2017 walithibitisha, mwaka 2022 walidai.

Hapa kwetu hata mlango huo wa kwenda mahakamani haupo. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema ibara hiyo inakiuka haki. Kwa hiyo kwenye urais wao hutangaza, sisi hudai, basi. Lakini kwenye ubunge kesi zipo, na Sheria ya Ushahidi ya 1967 haina huruma na mtu wa upinzani wala wa chama tawala: anayetaka mahakama iamue kwa faida yake, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Ndiyo maana wakala wetu anayetoka kituoni usiku mikono mitupu, bila nakala ya fomu iliyosainiwa, kesho yake hana la kuthibitisha. Atashuhudia, ndiyo. Wakili wa upande wa pili atamuuliza namba, atajikuna kichwa. Mnamcheka, kumbe ni nyinyi mliomtuma bila chai wala kalamu.

Sasa la kwetu wenyewe, na wakubwa wa chama wasinikasirikie. Msemaji wetu akipanda jukwaani Jumapili akanguruma "tunao ushahidi mzito", wewe uliye mstari wa mbele usikimbilie kupiga mluzi. Mpigie kelele: "Usome!" Akiwa nao atautoa mfukoni. Akisema atautoa wakati muafaka, vaa ndala zako uwahi daladala.