Theluji ilipofunga barabara ya Durban: kwa nini tahadhari peke yake haikutosha?

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Septemba 21, 2024, mamia ya magari yalikwama kwenye barabara kuu ya N3 nchini Afrika Kusini. Hii ndiyo barabara inayounganisha jiji la Johannesburg na bandari ya Durban. Malori, mabasi na magari madogo ya familia yalisimama foleni moja katika eneo la Van Reenen, mlimani, huku theluji ikiyafunika. Wapo waliokaa humo usiku kucha na siku iliyofuata, bila chakula wala blanketi. Angalau mtu mmoja alifariki.

Huenda msikilizaji ukajiuliza: theluji Afrika, tena mwezi Septemba? Makala hii inaeleza ilivyotokea, kwa nini watu walisafiri ilhali tahadhari ilikuwepo, na jambo gani katika mkasa huu linatuhusu sisi tusioiona theluji.

Kwa nini pale, na kwa nini siku ile?

Van Reenen ni mlima ambao N3 inaupanda ili kutoka jimbo la KwaZulu-Natal kuingia Free State. Uko katika safu ya milima ya Drakensberg, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Theluji huanguka huko karibu kila mwaka, hasa kati ya Juni na Agosti, ambao ndio msimu wa baridi kusini mwa Afrika. Lakini huwa ni kidogo, na huyeyuka upesi.

Safari hii ilikuja nyingi, na ilikuja kwa kuchelewa, wakati watu wameshahesabu kuwa baridi imepita. Tena ilikuwa siku ya Ijumaa. Shule zilikuwa zinafungwa, na Jumanne yake, Septemba 24, ilikuwa sikukuu ya taifa. Kwa hiyo familia nyingi zilikuwa njiani kuelekea pwani au nyumbani kwao. Malori nayo hayakupumzika, maana N3 ndiyo njia kuu ya mizigo kutoka bandarini.

Kinachofunga barabara kwanza mara nyingi si theluji yenyewe. Ni lori moja lililoshindwa kupanda. Matairi yanateleza, trela linajikunja na kukaa kwa upande, njia zote zinazibika. Magari ya nyuma yanasimama, nayo yanafunikwa. Kuanzia hapo hata greda la kusafisha barabara halina pa kupita.

Tahadhari ilikuwepo

Mamlaka ya hali ya hewa ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa tahadhari ya theluji kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo swali si kama watu waliambiwa. Swali ni kwa nini kuambiwa hakukuwazuia.

Sababu ya kwanza ni riziki. Dereva wa lori ana muda wa kufikisha mzigo, na tajiri anamsubiri. Akisimama kwa sababu ya tangazo la redioni, halafu mvua ikanyesha kidogo tu, atamjibu nini bosi wake? Abiria naye ameshalipa nauli.

Sababu ya pili ni kwamba tangazo lilisema kutakuwa na theluji, lakini barabara ilikuwa wazi. Mtu akikuta barabara haijafungwa, anaamini kuwa wakubwa wameona inapitika. Kila dereva anamtazama aliye mbele yake, na aliye mbele naye anaendelea kwa sababu hajazuiwa.

Sababu ya tatu ni mahali pa kusubiri. Kumwambia mtu asiendelee ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwonyesha mji wenye maegesho, chakula na choo ambako atasubiri hadi kuche.

Hata nchi zenye vifaa hukwama

Wapo waliosema Afrika Kusini ilikwama kwa sababu haina mitambo ya kutosha ya kuondoa theluji. Ni kweli kwa sehemu, lakini si jibu zima. Januari 2022, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, barabara kuu ya I-95 ilifungwa na theluji kwa zaidi ya saa 24. Miongoni mwa waliokwama alikuwa Seneta Tim Kaine, aliyetumia saa 27 katika safari ambayo kwa kawaida humchukua saa mbili. Huko mitambo ipo, na chumvi ya kuyeyusha barafu ipo. Lakini mvua ilitangulia, na wahusika waliona chumvi ingesombwa, hivyo hawakuimwaga mapema. Theluji ikaja kwa kasi, malori yakajikunja, na yaliyobaki yakawa kama ya Van Reenen.

Desemba mwaka huohuo hali ilikuwa mbaya zaidi katika jiji la Buffalo, jimbo la New York, ambako wanaishi pia wakimbizi wengi kutoka Kongo na Somalia. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa asubuhi ya Desemba 23, watu wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini. Zaidi ya watu 40 walifariki katika jiji hilo na maeneo ya jirani, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yao.

Linganisha na jimbo la Wyoming, pia Marekani. Huko barabara kuu ya I-80 ina mageti. Upepo na theluji vikizidi, geti linafungwa na malori yanasubiri mjini. Madereva hulalamika, mizigo huchelewa. Lakini anayechelewa akiwa mjini ana chai ya moto. Anayekwama mlimani hana.

Kufunga barabara mapema kuna gharama, na siku nyingine itafungwa bure. Ila gharama hiyo hugawanywa kwa wengi. Barabara ikiachwa wazi, gharama yote humwangukia aliyenaswa usiku ule.

Dereva anajiandaaje?

Kama una ndugu Johannesburg, Ulaya, Marekani au Kanada, haya ni ya kumtumia kwenye simu.

Matairi ndiyo mwanzo. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na ukiwa mgumu haushiki barabara vizuri. Ndiyo maana katika jimbo la Quebec nchini Kanada sheria inataka matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.

Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, hivyo iliyochoka ipimwe au ibadilishwe kabla ya msimu. Maji matupu kwenye rejeta huganda na kupasua injini. Yanatakiwa maji maalumu yasiyoganda. Dizeli ya kawaida nayo huweza kuganda kama mafuta ya nazi wakati wa baridi na kuziba chujio, kwa hiyo nchi za baridi huuza dizeli ya msimu huo.

Barabarani, acha nafasi kubwa mara mbili au tatu kuliko kawaida mbele yako. Usikanyage breki ghafla wala kukata usukani kwa nguvu. Jihadhari na madaraja: huganda kabla ya barabara nyingine, kwa sababu upepo baridi hupita juu na chini yake. Barafu nyembamba haionekani. Barabara huonekana kama imelowa tu.

Tangi lisishuke chini ya nusu. Ndani ya gari kuwe na blanketi, maji, chakula kikavu, tochi, koleo na chaja ya simu. Na mtu mmoja nyumbani ajue unapita njia gani na unatarajiwa kufika saa ngapi.

Ukikwama, usiondoke kwenye gari kutafuta msaada ikiwa huoni nyumba karibu. Washa injini kama dakika 10 kila saa ili upate joto, lakini kwanza fukua theluji iliyoziba bomba la moshi, na ufungue dirisha kidogo. Bomba likiziba, hewa ya sumu huingia ndani. Ni sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina harufu.

Sisi tusio na theluji

Makete na Njombe, Tanzania, hupata baridi na ukungu mzito Juni na Julai. Limuru na Kinungi, Kenya, vivyo hivyo. Hapo ushauri wa kupunguza mwendo, kuacha nafasi na kuwasha taa za chini unafaa kama ulivyo.

Lakini kinachotufanana zaidi na Van Reenen ni maji. Aprili 2024, basi lilisombwa na mafuriko katika eneo la Garissa na Tana River, Kenya. Abiria zaidi ya 50 waliokolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu. Kila masika tunaona hivyo hivyo: tahadhari imetolewa, daraja limefunikwa na maji, wala hakuna kizuizi. Dereva anatazama aliyemtangulia, abiria wanamhimiza, anaingia.

Tahadhari ya hali ya hewa hufika kijijini kupitia redio na simu, na hilo ni jambo jema. Ila haifungi barabara. Kila wilaya yenye kivuko au mlima unaosumbua inapaswa kujua mapema ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha magari, atayasimamisha wapi, na walio ndani watakula nini wakisubiri. Msimu wa mvua ukikaribia, hilo ni swali halali la kumuuliza diwani wako mkutanoni.