KEMIA SI YA UBAONI TU



Huenda msomaji akauliza: jarida la chama lina nini na somo la kemia? Lina jambo kubwa.

Nilipokuwa kibarua katika karakana moja, kijana mwenzetu aliyemaliza sekondari alipewa kazi ya kuzimua asidi ya betri. Akamimina maji ndani ya asidi. Ikachemka ghafla, ikamrukia, akaungua mkono. Baadaye alitueleza kwamba kanuni aliijua: asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Aliiandika katika mtihani akapata alama. Lakini mikono yake haikuwahi kuitenda hata mara moja.

Jambo hilo linawahusu watoto wetu wa Nchelenge, Kashikishi na mwambao wote wa Ziwa Mweru. Mwaka 2022 Serikali ya Zambia ilifuta ada katika shule zake za sekondari, na hatua hiyo tuliipokea kwa furaha. Lakini darasa likijaa, majaribio ndiyo huachwa kwanza. Mwalimu huchora chupa ubaoni, wanafunzi hunakili. Ukiuliza sababu utaambiwa: hakuna maabara. Mimi nasema jibu hilo halitoshi.

Tupige hesabu. Katika jaribio la kawaida la kupima asidi kwa alkali, mwanafunzi hutumia sentimita 25 za ujazo za alkali kila arudiapo. Sentimita moja ya ujazo ni matone 20 hivi. Akitumia matone 10 kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, ametumia nusu sentimita tu, yaani sehemu moja ya 50. Kemikali ya mwanafunzi mmoja sasa yatosha darasa zima.

Wala si ndoto. Katika miaka ya 1990 kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, akiwamo Profesa John Bradley, kilitengeneza vifaa vidogo vya plastiki kwa majaribio ya namna hii, na UNESCO ikasaidia kuvieneza katika nchi nyingi.

Hata bila vifaa hivyo, kazi inaweza kuanza. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kawambwa wanajua kwamba chai ya rangi hupauka ikitiwa limau. Itie maji ya majivu, itakoza. Hapo mtoto ameonyeshwa asidi na alkali kwa macho yake. Saga gamba la konokono wa ziwani, dondoshea siki: litatoa povu. Hewa ile ikipitishwa katika maji meupe ya chokaa huyafanya yawe kama maziwa. Ni kaboni dayoksaidi.

Wapo wasemao kwamba matone hayana usahihi wa bureti. Ni kweli, na kabla ya mtihani mwanafunzi sharti aishike bureti yenyewe. Kwa hiyo tusiache kudai maabara. Lakini mtoto aliyezoea kupima kwa matone hatatetemeka siku hiyo. Tena tone la asidi dhaifu lina hatari ndogo kuliko chupa nzima. Asidi ya betri, hata hivyo, ishikwe na mwalimu peke yake, na macho yakingwe.

Basi tufanye nini? Katika mkutano wa wazazi na walimu, kila mwanachama aulize swali moja: mwanangu ameshika jaribio mara ngapi muhula huu? Tusimlaumu mwalimu, maana naye ni mfanyakazi mwenye mzigo mzito. Tumpelekee chupa tupu, mabomba mapya ya sindano, limau na chokaa.

Watoto hawa kesho watashika magadi ya sabuni, dawa za kupulizia mimea na asidi za viwandani. Afadhali wajifunze leo kwa tone moja, kuliko kesho kwa ngozi yao.