Theluji, Bwana Msa na Hukumu za Haraka

Wako wenzangu wa Mombasa ambao, tukionana, baada ya salamu huniuliza kwa kicheko kama ni kweli kwamba huku Nyakoe, bara ya Kisii, nakesha nikitazama Wazungu wakiteleza juu ya theluji katika televisheni, na kwamba ikizimwa nashika vitabu vya wezi na wauaji. Ni kweli. Lakini kicheko chao sikikubali, na leo nataka niwajibu kwa uzito, kwa sababu nionavyo mimi mambo haya mawili yana faida moja, na faida hiyo yatuhusu sisi watu wa pwani kama inavyowahusu majirani zangu Wakisii.

Asiyeijua Nyakoe, ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kisii mjini kwenda Kisumu. Kazi ya mwanangu ndiyo iliyonileta huku. Ni nchi ya vilima, migomba na majani chai, na mvua yake haina adabu ya vuli na masika tuliyoizoea sisi; hunyesha alasiri baada ya alasiri. Tena mara nyingine huwa ni mvua ya mawe. Mabati hulia hata mtu na mkewe wasisikizane chumbani, na ikikatika utaona uani kumekuwa kweupe, watoto wanaokota mawe ya barafu na kuyatia kinywani. Kwa hivyo mtu wa Nyakoe akiona barafu katika televisheni haoni kitu kigeni. Huona ile inayompigia migomba yake.

Na sisi wa pwani je? Neno theluji tumelipata kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni hiyo hiyo theluji. Kila aliyesoma chuoni anaijua ile dua ya kufungulia swala ambayo mja huomba atakaswe madhambi yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Tumeitamka theluji tungali watoto, miguu pekupeku juu ya mkeka, kabla hata nyumba zetu hazijajua jokofu. Leo mtu aje aniambie theluji hainihusu!

Mchezo uliowapendeza majirani zangu kuliko yote ni ule wa kusukuma jiwe, uitwao kerling. Mchezaji huliachilia jiwe la matale, uzito wake karibu kilo 20, likateleza polepole juu ya barafu, na wenziwe wawili wakakimbia mbele yake wakifagia kwa nguvu. Mtangazaji husema Kiingereza chake, nami huwa mkalimani. Siku ya kwanza mzee mmoja jirani alicheka mpaka chai ikamwagika, akisema kumbe huko Ulaya kufagia nako hupewa medali. Nikamweleza kwamba ule ufagio huipasha moto barafu kidogo kwa kuisugua, na jiwe likaenda mbali zaidi na kunyooka zaidi. Alinyamaza. Watu wa Kisii wanajua mawe. Ile sabuni ya mawe ya Tabaka wameichonga vizazi na vizazi. Toka siku ile hacheki tena, bali hukaa akihesabu jiwe lipi litaligonga lipi, sawa na mcheza bao wa Lamu anayehesabu kete kabla hajatia mkono shimoni.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye mbio za kuteremka mlima. Huko watu hawashindani bega kwa bega. Kila mmoja huteremka peke yake, saa ikamhesabia, na aliyetangulia kufanya vizuri hana budi kungoja chini akitazama wenziwe. Mtu aweza kuwa wa kwanza kwa saa nzima, watu wakampigia makofi, na bado hajashinda kitu.

Tarehe 17 Februari 2018, huko PyeongChang, Korea Kusini, katika mashindano ya wanawake, Anna Veith wa Austria, aliyekuwa bingwa tangu 2014, aliteremka kwa kasi iliyowafanya wengi waone mambo yamekwisha. Pongezi zikaanza. Wako hata watangazaji waliomtangaza mshindi. Kisha akateremka Ester Ledecká wa Czech, wa 26 katika zamu, msichana aliyejulikana zaidi kwa mchezo mwingine, ule wa kuteleza kwa ubao mmoja. Akafika chini, saa ikaonyesha kwamba amemshinda Veith kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwenyewe aliikodolea macho ile saa, hasadiki, kana kwamba angoja mtu aje kuisahihisha.

Na katika mbio zile zile alikuwamo Mkenya, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kupelekwa Austria akiwa na miaka mitatu. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya baridi, akatoka wa 38. Mzaliwa wa Kilifi, ndugu zangu, na Mombasa nzima sikumsikia mtu akimtaja barazani.

Kabla yake alikuwako Philip Boit, aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998. Alijifunzia theluji Finland akiwa mtu mzima. Katika mbio za kilomita 10 alifika wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Yule Dæhlie aliyekuwa na medali yake alikataa kuondoka. Alingoja mpaka Boit akafika, akamkumbatia. Boit naye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Basi stima ikipotea, na huku hupotea mvua ikizidi, nawasha taa nashika kitabu. Nacho mara nyingi ni cha Muhammed Said Abdulla, yule mwandishi wa habari wa Unguja aliyefariki mwaka 1991. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Wapo wapendao zaidi Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Kufa na Kupona nami nimekisoma kwa usiku mmoja. Lakini Gamba hutegemea ngumi na bastola. Bwana Msa hutegemea kiko chake na subira. Watu wote wakisema hii ni kazi ya mzimu, yeye huuliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Rafiki yake Najum hukimbilia jibu, nasi wasomaji twakimbia naye, na sura ya mwisho hutuaibisha sote.

Wasemao vitabu hivi hufunza wizi sijui wamevisoma vipi. Mimi naona vyafunza kungoja ushahidi, na hilo ndilo tulilokosa. Mwezi Mei 2008 hapa hapa Kisii watu zaidi ya 10, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma ya uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, si mbali na nikaapo, wanawake wanne wazee wakauawa na umati kwa tuhuma hiyo hiyo. Na asidhani msomaji wa Kilifi kwamba nasema ya watu. Kwetu mzee akiota mvi tu, mvi zenyewe zimekuwa ushahidi, na ukichimba mara nyingi utakuta chini ya tuhuma pana shamba la kurithiwa. Wako wazee waliokimbia makwao wakapewa hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze. Suratul Hujurat twaisoma misikitini, imetuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Lakini umati ukianza kukusanyika, nani husimama akauliza lile swali la Bwana Msa, nani anafaidika?

Siwezi kusema kwamba kitabu chaweza kuzuia kiberiti. Nasema kijana aliyezoea kuona mtuhumiwa wa sura ya pili akitoka safi katika sura ya kumi, na aliyemwona Veith akipongezwa bure, huenda mguu wake ukasita kidogo aitwapo usiku kwenda kuchoma nyumba ya bibi wa watu.

Nakala yangu ya Mzimu ilichukuliwa na kijana mmoja wa bodaboda hapa sokoni, akampa mwenziwe, naye akampa mwengine; sasa iko mkono wa nne na jalada nasikia limekwisha ng'oka. Juzi wamenijia watatu pamoja wakitaka Kisima cha Giningi, nami ninacho kimoja tu. Aliyenacho Mombasa na hakisomi, basi atakayekuja Kisii ampe aniletee.