Los Santos ndani ya mfuko wa suruali

Jumapili hii tuzungumzie mchezo ambao vijana wa nyumbani kwako huenda wanaujua kuliko jedwali la kuzidisha: Grand Theft Auto: San Andreas. Ulitoka Oktoba 2004 kwa mtambo wa PlayStation 2, na ndipo wengi wetu tulipouona, tumebanana kwenye benchi mbele ya runinga. Desemba 2013 ukaletwa kwenye simu. Si mchezo mpya, lakini simu ambazo vijana hurithi kwa wazazi sasa zinaubeba bila taabu, na ndiyo maana unaenea upya. Nimeucheza kwa simu nikiwa safarini Turkana, kati ya Lodwar na Kakuma, na leo nakuletea maoni ya kwanza. Mengine ni ya mchezaji, mengine ni ya mzazi.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kukimbia, kuendesha magari na kupigana. Kijana Carl Johnson, anayeitwa CJ, anarudi nyumbani Los Santos mwaka 1992 kwa ajili ya mazishi ya mama yake. Anakuta familia imesambaratika na magenge yameshika mtaa. Los Santos ni mji wa kubuni ulioigwa kutoka Los Angeles. Kutoka hapo mchezo unakufungulia miji mitatu, mashamba, milima na jangwa. Unaweza kufanya kazi unazopewa, au ukazipuuza, ukapanda baiskeli na kuzurura tu. Uhuru huo wa kuzurura ndio uliowanasa watu tangu mwanzo.

Jambo la kwanza linaloshangaza kwenye simu ni kwamba hukupewa kionjo. Ramani ni ile ile nzima. Kama unakumbuka zile runinga zenye mgongo, utaona hata picha ni safi zaidi: vivuli vinaonekana, magari yanang'aa, na majengo ya mbali hayachomozi ghafla kama zamani. Gharama yake ni nafasi. Mchezo unakula zaidi ya gigabaiti 2, kwa hivyo usianze kuupakua kwa bando la siku moja.

Tatizo liko vidoleni. Pedi ya PlayStation ina vitufe unavyovihisi bila kuvitazama. Simu ina kioo kitupu kilichochorwa vitufe. Kidole gumba cha kushoto kinamtembeza CJ, cha kulia kinapiga, kinaruka na kugeuza macho, na vyote viwili vinafunika mji uliokuja kuutazama. Kutembea ni rahisi, na kuendesha gari kunazoeleka baada ya siku moja. Kulenga shabaha ni kazi nyingine. Wazee wa mchezo huu wanaikumbuka ile kazi ya kufukuza garimoshi kwa pikipiki huku Big Smoke akiwa nyuma. Kwenye kioo, unatoka jasho hata kama hauko Lodwar. Habari njema ni kwamba unaweza kuvihamisha vitufe upendavyo, na pia kuunganisha pedi ndogo kwa Bluetooth. Ukipata pedi, nusu ya malalamiko yanaisha.

Sasa njoo tuone jua la Turkana linavyoupima mchezo. Mchana nje ya nyumba, kioo cha simu ni kioo kweli kweli: unauona uso wako na mawingu, CJ humwoni. Simu nayo inapata moto, mwanga unafifia wenyewe na picha zinaanza kukwamakwama. Kuanzia Lodwar hadi Kakuma ni safari ya kilomita 120 hivi, na kwenye kiti cha dirishani nilicheza kidogo mno. Mchezo huu ni wa kivulini au wa jioni.

Lakini kuna jambo ambalo simu imelifanya vizuri kuliko mtambo wa zamani. Kwenye PlayStation 2, ukishindwa katikati ya kazi ulirudi mwanzo kabisa. Stima ikipotea, ulipoteza kila kitu ulichokuwa hujahifadhi. Mtu wa Lodwar anaelewa uchungu huo, maana kwa miaka mingi mji huo ulitegemea jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Toleo la simu limeweka vituo ndani ya kazi, unaanzia pale ulipofikia. Stima ikipotea, wewe unaendelea na betri yako. Ila betri nayo ina siku zake: mchezo huu unainywa kama ngamia aliyefika kisimani.

Kibandani na mfukoni

Hapa, msomaji, ndipo mchezaji ananyamaza na mzazi anaanza kusema. Wengi wetu tulijifunza mchezo huu kwenye vibanda, kwa kulipia dakika. Mmoja alishika pedi, watano walikuwa makocha. Huyu alikwambia pita kushoto, yule alikucheka ukianguka na pikipiki. Mwenye kibanda alikuwa mtu mzima. Mtoto mwenye sare ya shule alifukuzwa, au angalau alijulikana kwa jina la baba yake. Kilikuwa na mabaya yake, kibanda kile, lakini hakuna aliyecheza bila kuonekana.

Simu imeondoa benchi. Mchezo ule ule sasa unachezwa chini ya blanketi, sauti imezimwa, na mama anadhani mtoto anasoma insha. Huo ndio upungufu mkubwa wa toleo hili kwa maoni yangu. Picha zimebaki, mji umebaki, lakini watazamaji wameondoka. Na huu si mchezo wa watoto. Marekani umepewa daraja la miaka 17 na zaidi, na Ulaya miaka 18. Una matusi, bunduki na mauaji kwa wingi.

Kakuma ndiyo iliyonifanya nilione hili wazi. Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, mwaka ule ule ambao hadithi ya CJ inaanzia. CJ alipokuwa akirudi nyumbani kwenye mchezo, maelfu ya wavulana kutoka Sudan, wengi bila wazazi, walikuwa wakifika Turkana baada ya kutembea kwa miguu miezi na miaka wakikimbia vita. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana zaidi ya watu 250,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Mlio wa bunduki ambao kwako Nairobi ni kelele za simu, huko unaweza kuwa kumbukumbu ya mtu.

Hata chakula kinasomeka tofauti. Kwenye mchezo, CJ asipokula anakonda na kupoteza nguvu; akila kupita kiasi ananenepa, na akizidisha anatapika. Ni mzaha mzuri ukiwa na sufuria jikoni. Mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao Kakuma kwa kukosa fedha. Kijana anayehesabu mlo wa leo anamwona CJ akitapika kuku, na haoni mzaha wowote.

Usidhani nasema vijana wa kambini wasicheze. Kuna mfano unaostahili kusimuliwa mezani. Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Kati ya michezo ya kwanza aliyoiona humo ni Grand Theft Auto: Vice City, ndugu mkubwa wa San Andreas. Aliona michezo ina nguvu ya kumvuta mtu, akajiuliza kwa nini nguvu hiyo isitumike kwa amani. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo aliouita Salaam, ambamo unamwongoza mkimbizi anayekimbia mabomu na kutafuta maji. Mwaka 2018 alitunukiwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Aliucheza mchezo wa bunduki, akatoka na swali.

Je, ununue? Ukiwa mtu mzima uliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda, ndiyo, na utafute pedi. Ni kazi kubwa iliyoingia mfukoni bila kukatwa mikono wala miguu. Ukiwa mwanafunzi wa sekondari, subiri umri wako. Mji huo haukimbii. Nawe mzazi, usianze kwa kunyang'anya simu. Kaa kando ya mtoto, mwambie akuonyeshe CJ ni nani, mama yake alikufaje, na kwa nini mtaa unapigana. Atacheka, ataona aibu, atazima. Ukiuliza vizuri, ataeleza. Dakika 20 za kukaa naye zitakwambia mengi kuliko daraja lolote la umri, na utakuwa umerudisha benchi pale lilipoondolewa.

Hadi Jumapili ijayo, wasalaam.